Mlinzi wa Mstari: Kura za Ndani ya Chama na Fundisho la Mbarara

 

Nchi inapokaribia uchaguzi mkuu, macho ya watu huelekea siku moja tu, ile siku ya masanduku, wino na daftari la wapiga kura. Siku hiyo hupigiwa mbiu, huandikwa magazetini, na askari hupangwa kila kituo wakiwa na amri zinazoeleweka. Lakini kabla ya siku hiyo ipo siku nyingine isiyokuwa na shangwe kubwa wala watazamaji kutoka nchi za nje. Ni siku ambayo wanachama wa chama kimoja hukutana kumchagua mwenzao mmoja atakayepeperusha bendera ya chama chao. Watu wengi huihesabu siku hiyo kuwa shughuli ya nyumbani, mfano wa ukoo unapokaa barazani kuamua jambo lake. Askari naye huelekea kusema: hayo ni ya wanasiasa, mimi hayanihusu.

Leo tunakusudia kuonyesha kwamba fikira hiyo ni ya hatari. Historia ya nchi zetu inatufundisha kwamba mara nyingi ugomvi uliowatoa askari kambini haukuanzia kwenye sanduku la kura la taifa. Ulianzia ndani ya chama, pale hesabu ya wanachama ilipotiliwa shaka na pasipatikane mtu wa kuithibitisha.

Tuanze na mahali ambapo wengi wenu mmefanya kazi. Kamukuzi ni kilima kilichomo katika mji wa Mbarara, na hapo ndipo palipokuwa na makao ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Masimulizi ya Ankole yanaeleza kwamba katika zama za kale, kabla ya kuja Waingereza, Omugabe alipofariki kiti kilikuwa wazi, na wanawe walikipigania kwa mikuki. Aliyesalia akaishika ngoma ya Bagyendanwa ndiye aliyetambuliwa. Mambo hayo yamepita, lakini yanatukumbusha tabia moja ya kiti kilicho wazi. Kiti chenye mwenyewe huwa na mshindani mmoja au wawili wenye ujasiri. Kiti kisicho na mwenyewe kila mtu hukiona kuwa ni chake, na ndiyo sababu mashindano yake huwa makali kupita mengine.

Tarehe 1 Julai, 2020, Mbarara ilipandishwa kutoka manispaa ikawa jiji. Kwa kupandishwa huko, ramani ya uchaguzi ilibadilika. Palitokea viti vipya vya Bunge: Jiji la Mbarara Kaskazini, ambako Kamukuzi imo, Jiji la Mbarara Kusini, na kiti cha mbunge mwanamke wa jiji zima. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kusema kwamba ameketi katika viti hivyo tangu zamani. Na kwa kuwa chama cha NRM kina nguvu nyingi katika sehemu hizo za magharibi, wagombea waliona kwamba mlango wa kweli wa kuingilia Bungeni ni ule wa ndani ya chama. Tarehe 4 Septemba, 2020, wanachama wa chama hicho kote nchini walitoka kwenda vijijini kwao, majina yao yakatafutwa katika daftari la rangi ya manjano, kisha wakapanga mstari nyuma ya mgombea waliyemtaka au nyuma ya wakala wake. Mwaka huo ulikuwa wa maradhi ya korona, na mikutano mikubwa ya hadhara ilikuwa imezuiwa. Lakini mistari ilipangwa hata hivyo.

Yafaa tueleze jinsi mstari unavyofanya kazi, maana askari anayelinda jambo asilolielewa hawezi kulilinda vema. Uzuri wa mstari ni kwamba kila mtu anaona. Hakuna sanduku la kujazwa karatasi usiku, wala karatasi ya kura ya kuchapishwa kwa siri. Mzee asiyejua kusoma ana nguvu sawa na mwalimu. Gharama yake ni ndogo, na matokeo hujulikana palepale. Hizo ndizo sababu zilizotolewa na waliouchagua utaratibu huu, nazo si sababu za kupuuzwa, kwa kuwa kura za siri za ndani ya chama zilizotangulia zilikuwa zimeleta malalamiko mengi juu ya madaftari na karatasi.

Lakini mstari una aibu zake mbili. Ya kwanza ni kwamba anayekuona si jirani mwema peke yake. Anakuona mwenye duka anayekudai, mwenye shamba unalolima, mkuu wako wa kazi na mkwe wako. Ya pili, ambayo ndiyo inayotuhusu zaidi leo, ni kwamba mstari hauwezi kuhesabiwa mara ya pili. Karatasi za kura hufungiwa ndani ya sanduku, na hakimu akitaka huamuru zihesabiwe upya hata baada ya miezi. Mstari ukisha kutawanyika, watu wakarudi majumbani kukamua ng'ombe na kupika matoke, hakuna kinachobaki isipokuwa tarakimu zilizoandikwa kwenye karatasi moja na sahihi zilizo chini yake. Karatasi hiyo hutoka kijijini, hupita kata, hufika ofisi ya wilaya au ya jiji. Mstari wa watu mia mbili ulionekana na watu mia mbili, lakini karatasi inayosafiri huonekana na watu watatu au wanne tu. Hapo ndipo penye hatari yote, na hapo ndipo anaposimama askari.

Ili tuone uzito wa jambo hili, yatupasa turudi nyuma na kutazama jirani zetu na sisi wenyewe.

Mwezi Agosti 1960, Tanganyika ilifanya uchaguzi wake wa mwisho kabla ya uhuru. Viti vilikuwa 71. Chama cha TANU kilikuwa na nguvu kiasi kwamba wagombea wake 58 walipita bila kupingwa, na mwishoni TANU ilichukua viti vyote isipokuwa kimoja. Kiti hicho kimoja kilikuwa cha Mbulu. Aliyekishinda, Herman Sarwatt, hakuwa adui wa TANU bali mwanachama wake. Makao makuu ya chama yalikuwa yamemweka mgombea mwingine, Chifu Amri Dodo, na Sarwatt akasimama peke yake akashinda. Baada ya ushindi alirudi katika chama chake.

Mbulu ilikuwa kengele ndogo, lakini Mwalimu Nyerere na wenzake waliisikia. Waliona kwamba mahali ambapo chama kimoja kinashinda kila kiti, mtu anayeteuliwa na ofisi ya chama amekwisha kuwa mbunge kabla mwananchi hajaulizwa. Mwezi Januari 1964 iliundwa tume chini ya Rashidi Kawawa kutafuta namna ya kumrudishia mwananchi sauti yake ndani ya chama kimoja. Utaratibu uliopatikana ulitumika katika uchaguzi wa Septemba 1965. Wajumbe wa mkutano wa wilaya walipiga kura za maoni juu ya walioomba. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ikachagua wawili. Na wananchi wote, wawe wanachama au la, wakaamua kati ya hao wawili kwa kura ya siri. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma asipotee. Ilikatazwa kutaja kabila, rangi au dini, na kampeni zote zilifanywa kwa Kiswahili.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Mawaziri wawili walianguka, mmoja wao Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Wakubwa hao walikubali, na hakuna askari aliyetumwa kubadili hesabu. Hatusemi kwamba utaratibu ule ulikuwa kamili, maana Halmashauri Kuu iliweza kumkata hata aliyependwa na wilaya yake. Lakini ulikuwa na jambo moja lililo kubwa: aliyeshindwa alijua kwa hakika kwamba ameshindwa. Mtu anayejua hivyo hurudi nyumbani kwake. Asiyejua, huanza kutafuta njia nyingine.

Sasa turudi kwetu Uganda, tuone mfano wa kinyume chake. Mwezi Aprili 1964 chama cha UPC kilifanya mkutano wa wajumbe mjini Gulu. Kiti kilichoshindaniwa hakikuwa cha Bunge bali cha Katibu Mkuu wa chama, lakini kila mtu alijua kwamba atakayekishika ndiye atakayeviamua viti vya Bunge siku zijazo. Walioshindana walikuwa John Kakonge, aliyekuwa akikishikilia na kupendwa na vijana wa chama, na Grace Ibingira, waziri na mwanasiasa wa Ankole. Ibingira akashinda. Wafuasi wa Kakonge walilalamika kwamba wajumbe wao walizuiwa kuingia ukumbini na kwamba waliopiga kura hawakuwa wote wajumbe halali. Malalamiko yao hayakupata mwamuzi. Hesabu iliyotangazwa ikabaki kuwa hesabu.

Chama kiliondoka Gulu kikiwa kimoja kwa jina na viwili kwa moyo. Tangu siku ile kila upande ulitafuta nguvu mahali pengine nje ya kura. Haukupita muda wa miaka miwili mizozo hiyo ikafika serikalini. Tarehe 22 Februari, 1966, polisi waliingia katika mkutano wa Baraza la Mawaziri huko Entebbe wakawakamata mawaziri watano, Ibingira akiwa mmoja wao. Katiba ikasimamishwa. Kanali Idi Amin akapandishwa kushika uongozi wa jeshi. Tarehe 24 Mei mwaka huohuo jeshi likaushambulia Lubiri, makao ya Kabaka. Mwezi Septemba 1967 falme zote zikafutwa, na enzi ya Omugabe Gasyonga wa Pili ikakoma pale Kamukuzi. Uchaguzi mkuu uliotazamiwa haukufanyika. Tarehe 25 Januari, 1971, Amin akaipindua serikali yenyewe.

Si haki kusema kwamba kura za Gulu peke yake zilileta yote hayo. Yalikuwapo mambo ya Buganda, ya kaunti zilizopotea, ya dhahabu ya Kongo na ya vyeo vya jeshi. Lakini yafaa askari akumbuke mwendo wa jambo lenyewe. Mzozo wa hesabu katika ukumbi wa chama haukutatuliwa ukumbini. Ukabebwa hadi serikalini, na kutoka serikalini ukakabidhiwa polisi, na kutoka kwa polisi ukakabidhiwa jeshi. Jeshi likisha kukabidhiwa mzozo wa wanasiasa, huanza kujiuliza kwa nini liendelee kuwatumikia.

Uganda ilikaa miaka 18 bila uchaguzi mkuu, tangu Aprili 1962 hadi Desemba 1980. Uchaguzi ulipokuja tena, nchi ilikuwa chini ya Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga. Wananchi walipanga foleni ndefu tarehe 10 Desemba wakiwa na matumaini makubwa. Lakini kabla hata ya siku hiyo, katika hatua ya kuandikisha wagombea, wagombea 17 wa UPC walikuwa wamekwisha kutangazwa kupita bila kupingwa. Kisha, hesabu zilipoanza kuja, Muwanga akatoa amri kwamba hakuna mtu mwingine atakayetangaza matokeo isipokuwa yeye. Ndugu wasikilizaji, hapo mkumbuke ile karatasi inayosafiri. Katika amri moja, karatasi zote za nchi nzima zilipitishwa katika mkono mmoja.

Katika sehemu ya Mbarara Kaskazini, Yoweri Museveni aliyegombea kwa chama cha UPM alishindwa na Sam Kutesa wa DP. Lakini jambo kubwa halikuwa kiti hicho kimoja. Ni kwamba nchi nzima hapakuwa na njia ya kujua nani ameshinda wapi. Tarehe 6 Februari, 1981, kikundi kidogo chenye bunduki 27 kikaishambulia kambi ya Kabamba, na vita vilivyoanza siku hiyo havikukoma hadi Januari 1986. Waliokufa katika vita hivyo, wakiwa raia na askari wa pande zote mbili, hawakurudishwa na mshindi yeyote.

Katikati ya miaka hiyo Mbarara yenyewe iliona jambo ambalo kila polisi apaswa kulijua. Mwezi Oktoba 1982, viongozi wa chama tawala wa sehemu hizo, wakiandamana na vijana wa chama na askari wa Kikosi Maalumu cha polisi, waliwafukuza majumbani mwao watu wenye asili ya Rwanda. Walisema hao ni wakimbizi. Kumbe wengi wao walikuwa raia waliozaliwa Uganda, na wengine walikuwa wenye kupiga kura. Kosa lao lililofahamika na wote lilikuwa kudhaniwa kwamba ni wafuasi wa upande mwingine. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Makumi ya maelfu walikimbia, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda, wengine wakasukumwa katika makazi ya wakimbizi, mojawapo likiwa Nakivale.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na sasa imo katika wilaya ya Isingiro. Wanaoishi humo wametoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na wengi huzungumza na askari kwa lugha hii hii tunayoitumia sasa. Mkimbizi hana kura, wala ya chama wala ya taifa. Hana mgombea wa kumwinamia. Lakini mwaka 1982 ulionyesha kwamba raia naye aweza kuvuliwa kura yake kwa kuitwa mkimbizi, na kwamba kazi hiyo haiwezi kufanyika bila mwenye sare. Kijana wa chama mwenye rungu ni mhuni tu mpaka asimame karibu yake askari mwenye bunduki. Hapo rungu lake hugeuka kuwa serikali.

Tuvuke mpaka tuingie Kenya, maana huko ndiko mstari ulikopata jina lake maarufu, mlolongo. Mwezi Agosti 1986 chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee kwa sheria, kiliamua kwamba uteuzi wa wagombea wake utafanywa kwa kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea. Iliongezwa kanuni kwamba atakayepata asilimia 70 au zaidi amekwisha kuwa mbunge, wala hatakwenda kwenye kura ya siri. Viongozi wa makanisa walipinga. Walisema mchungaji akisimama mbele ya waumini wake nyuma ya mtu mmoja amewagawa kondoo wake, na vivyo hivyo mwalimu na mtumishi wa serikali.

Foleni zilipangwa tarehe 22 Februari, 1988. Waliosimamia walikuwa maofisa wa utawala wa mikoa na wilaya, wakisaidiwa na machifu na askari wao. Watu walisimama mchana kweupe wakahesabiana kwa macho. Kisha mahali pengi wakasikia kwenye redio tarakimu ambazo hazikufanana na walichokiona: foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Katika Starehe, Nairobi, Charles Rubia, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa jiji hilo, alitangazwa kuwa ameshindwa. Kenneth Matiba alishinda kiti chake huko Murang'a. Lakini ulipofika uchaguzi wa viongozi wa chama mwaka huohuo, aliona watu wake wakinyang'anywa ushindi, na mwezi Desemba 1988 akajiuzulu uwaziri.

Tazameni yaliyofuata. Tarehe 3 Mei, 1990, Matiba na Rubia kwa pamoja walitaka vyama vingi virudishwe. Mwezi Julai wakatiwa kizuizini. Tarehe 7 Julai, siku inayoitwa Saba Saba, watu walimiminika barabarani, na polisi wakajikuta wakiwafyatulia risasi raia wenzao kwa ajili ya ugomvi ambao chanzo chake kilikuwa hesabu za foleni. Mwezi Desemba 1990 KANU yenyewe iliufuta mlolongo, na mwaka uliofuata kifungu cha Katiba kilichoruhusu chama kimoja tu kikafutwa. Afisa aliyeandika tarakimu za uongo mwaka 1988 huenda alidhani amemaliza kazi ya siku moja. Deni lake lililipwa na koplo asiyemjua, akiwa na ngao barabarani, miaka miwili baadaye.

Uganda nayo ilikwisha kuupanga mstari. Katika uchaguzi wa mwezi Februari 1989 wanavijiji walijipanga nyuma ya waliowataka kuwa katika Kamati za Upinzani za vijiji, zile zilizoitwa RC. Katika jambo la kijiji mstari ulifaa, maana waliohesabu na waliohesabiwa walikuwa watu wamoja, na tarakimu haikuwa na safari ndefu. Vyama vingi viliporudi baada ya kura ya maoni ya Julai 2005, uteuzi wa ndani ya vyama ukawa shughuli ya nchi nzima. Mstari wa kijiji ukatakiwa kumchagua mtu wa Bungeni, na karatasi ikaanza kusafiri.

Basi turejee Kamukuzi na mwaka 2020. Baada ya mistari ya Septemba, manung'uniko yalisikika sehemu nyingi za nchi kwamba yaliyoonekana kijijini hayakufanana na yaliyotangazwa ofisini. Mawaziri kadhaa walishindwa. Katika baadhi ya sehemu damu ilimwagika. Wengi walioshindwa hawakukubali, wakajiandikisha kuwa wagombea binafsi, na katika uchaguzi mkuu wa Januari 2021 wabunge zaidi ya 70 wasio na chama waliingia Bungeni. Katika jiji la Mbarara, viti vya Kaskazini na Kusini vilichukuliwa na wapeperusha bendera wa NRM, Robert Mwesigwa Rukaari na Mwine Mpaka. Lakini kiti cha mwanamke wa jiji kilichukuliwa na mgombea binafsi, Rita Atukwasa. Ni habari ileile ya Mbulu ya mwaka 1960, imetokea tena baada ya miaka 60: palipo na mlango wa pili ulio wazi na kura ya siri, mwananchi hutumia mlango huo kusema neno lake, na nchi hubaki na amani. Ubaya ni pale milango yote miwili inapofungwa, kama ilivyokuwa Kenya kwa kanuni ya asilimia 70.

Tarehe 17 Julai, 2025, chama hicho kilipanga mistari tena kuwachagua wagombea wake wa Bunge. Kwa hiyo askari aliyeajiriwa leo hana budi kutazamia kwamba katika utumishi wake atasimama kando ya mstari mara nyingi. Atasimama vipi?

Sheria imekwisha kumjibu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 208, inasema jeshi litakuwa la kitaifa, lisilo la upande wa chama chochote, lenye nidhamu na lenye kutii mamlaka ya raia. Polisi nao wanatakiwa kuwa wazalendo, wenye ujuzi na nidhamu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2005 inamkataza mwanajeshi na polisi kushika cheo katika chama au kukifanyia kampeni. Askari ana kura yake ya siri kama raia katika uchaguzi wa taifa. Lakini mstari wa chama si wake. Akiwa na sare hasimami nyuma ya mtu yeyote, na hata asipovaa sare watu humjua.

Hata hivyo sheria husema maneno ya jumla, na kazi ya askari ni ya mambo madogo madogo. Anaposimama uwanjani kijijini, kazi yake ni kuhakikisha kwamba asiyejulikana hasogezwi mstarini, na anayejulikana haondolewi kwa rungu. Baada ya kuhesabu, kazi yake ni kuona kwamba tarakimu zinasomwa kwa sauti mbele ya wote kabla mstari haujavunjika, na kwamba mawakala wa kila mgombea wanaweka sahihi wakiwa hawana hofu. Karatasi inapoondoka, asindikize karatasi, wala asimsindikize mgombea. Gari linalobeba matokeo lisiwe gari la mmoja wao. Katika ofisi ya kujumlisha, askari alinde mlango ili mawakala wote waingie, wala asiulinde ili baadhi yao wabaki nje, kama walivyolalamika wale wa Gulu mwaka 1964.

Na ikiwa mkubwa wa kiraia, awe mwenye mali au mwenye cheo, atamwendea askari na kumwambia kwamba serikali inamtaka mtu fulani, askari ajue kwamba amri ya namna hiyo haina karatasi wala sahihi. Siku mambo yatakapoharibika, mkubwa huyo atasema hakumtuma. Wengi wa mawaziri waliotawala mwaka 1966 wamekwisha kufa, na aliyetoa amri ya kushika matokeo mwaka 1980 naye amefariki. Lakini majina ya kambi, ya vikosi na ya vituo vya polisi yamebaki katika vinywa vya wananchi, mazuri kwa mabaya, na askari wa leo ndiye anayeyabeba.

Wapo watakaosema kwamba kura za ndani ya chama kimoja hazistahili ulinzi wa taifa, na kwamba kila chama kijilinde chenyewe. Hoja hiyo ina uzito wake, maana askari hakuapa kukitumikia chama. Lakini mwanachama aliyesimama mstarini Kamukuzi, Kakoba au Nyamitanga ni raia kabla ya kuwa mwanachama, na usalama wa mwili wake na wa neno lake ni dhamana ya askari yule yule anayemlinda sokoni na barabarani. Askari halindi chama. Analinda haki ya mtu kusimama anapotaka kusimama, na kuhesabiwa hapo aliposimama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tuliouzungumzia leo ni mdogo, nao hupita kati ya mstari wa watu na karatasi ya matokeo. Nchi zetu zimekwisha kujenga kuta nyingi kwa gharama kubwa kwa sababu ufa huo haukuzibwa mapema. Afisa atakayepangwa kulinda mistari ijayo, katika jiji la Mbarara au kwingineko, apange kwanza nani atafuatana na karatasi, kwa njia gani, na itakabidhiwa kwa nani mbele ya nani. Akisha kulipanga hilo, ndipo apange mengine.